Panga Ambalo Sikulichoma

Mwanangu Asimwe,

Aliyeleta mnyauko wa migomba kwenye kibanja chetu ni mimi. Hakuwa mzee jirani yetu, Ta Laurenti. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio. Miaka minne nimekuwa nikipiga magoti pale, nataja uvivu, nataja hasira, na hili nalizunguka kama mtu anavyozunguka nyumba yenye mbwa.

Nimelitanguliza kwa sababu najijua. Kama ningeanza na salamu, ningefika ukurasa wa tatu bado nasalimia, kisha ningesema karatasi zimekwisha.

Sasa ni saa nane mchana. Wewe na baba yako mmekwenda Muleba mjini kutafuta vitu vilivyobaki kwenye orodha ya shule, na kesho alfajiri utasimama pale barabarani kusubiri basi la Mwanza. Bibi yuko uani anachambua maharage. Nimekaa mezani, nimechana karatasi za katikati ya daftari langu la jiografia, na nimefunga mlango ingawa hakuna anayekuja.

Mambo ya ndoo na kufuli sitayagusa. Bibi ameshakuambia usiazimishe mtu kandambili, na baba yako amekuambia mara nne usionyeshe mtu mahali unapoweka ufunguo wa sanduku. Usipowasikia hao hutanisikia na mimi.

Najua ulipoona neno mwanangu umecheka. Mimi nina miaka kumi na minane, wewe kumi na mitatu, na bado tunagombania shuka moja. Lakini kwa mila yetu shangazi ni baba wa kike, na wewe ndiye uliyeanza kulichukua jambo hilo kwa uzito kuliko sisi wote. Mama yako alikuwa amefariki, baba yako ameshakwenda kuvua visiwani, na Bibi, yaani mama yangu, alikuwa anaumwa mguu. Siku ya kukuandikisha darasa la kwanza mwalimu alikuuliza, "Mzazi wako yuko wapi?" Ukanyoosha kidole kwenye mstari wa darasa la saba, mahali nilipokuwa nimesimama na sare yangu na soksi moja imeshuka.

"Yule ni mwanafunzi," mwalimu akasema.

"Ni baba yangu," ukajibu. "Ila ni wa kike."

Shule nzima ilicheka. Mimi nilitamani ardhi inifunike. Wewe ulibaki umenyoosha kidole mpaka nikaja kukushika mkono. Ulikuwa hivyo: ukijua jambo unalisema, na aliyecheka ni shauri yake. Nakukumbusha kwa sababu nadhani umesahau. Mimi sijasahau, maana mimi ndiye niliyekunyamazisha.

Mwaka jana ulipomaliza darasa la saba, mwalimu mkuu alikupa fomu ya wafadhili uje ujaziwe nyumbani. Kurasa nne, zote Kiingereza. Juu kabisa paliandikwa kwamba ni ya vulnerable child. Uliweka kidole juu ya neno hilo la kwanza.

"Shangazi, hili ni nini?"

Nikakujibu upesi, kwa maneno yale ya ofisini. "Ni mtoto anayeishi katika mazingira hatarishi."

Ukatazama nje ya dirisha. Kuku walikuwa wanakwaruza chini ya mibuni, Bibi anaimba. "Mazingira gani? Haya?"

"Ni maneno ya fomu tu, Asimwe."

"Basi hatari yenyewe iko wapi?"

Nikaweka kalamu mezani. Ukanirudishia kalamu. "Andika tu. Kama ndilo linalonipeleka shule, andika."

Nikaandika. Kisha, wewe ukiwa umelala, nikachukua ile kamusi yangu isiyo na jalada, nikalitafuta neno lile, na lile likanipeleka kwa jingine, na jingine. Unanijua nilivyo na kamusi. Lakini safari hii sikuwa natafuta kwa kupenda maneno. Swali lako lilikuwa limenigusa mahali, kwa sababu mimi nilijua hatari ilikuwa wapi. Ilikuwa imekaa mezani na kalamu mkononi.

Sasa nikueleze siku yenyewe.

Nilikuwa kidato cha pili, likizo ya Juni, wewe una miaka tisa. Bibi alinituma kwa mama mdogo kule Buhembe nikamsaidie kukata migomba, maana mnyauko ulikuwa umeingia kwake. Nilikwenda na panga letu, lile lenye mpini uliofungwa mpira. Siku tatu tulikata. Unakata mgomba, unaona ule uji wa njano unatoka kwenye shina kama usaha, unahamia mwingine. Mama mdogo alikuwa na jiko la mkaa pembeni, kila mgomba mmoja ukiisha anatia panga motoni mpaka chuma kinabadilika rangi. Nilipoondoka alinishika bega.

"Koku, ukifika kwenu, kabla hujagusa mgomba wowote, choma panga hilo. Hata kama umeliosha. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Rudia."

"Nichome panga kabla sijagusa mgomba."

Nilifika nyumbani Jumamosi jioni. Wewe na Bibi mlikuwa kwenye sala ya jumuiya. Bibi alikuwa ameniachia maagizo kwa mtoto wa jirani: padri anakuja kesho baada ya misa, nikate mkungu mmoja nyuma ya jiko, na majani mabichi ya kufunikia chungu. Jikoni moto ulikuwa umezimika. Nikatafuta kiberiti, nikakuta kasha tupu. Nikachimba majivu kwa kijiti, hakuna hata kaa moja lenye uhai.

Unajua tunavyofanya moto ukizimika. Unachukua kigae, unakwenda kwa jirani, unaomba kaa. Jirani wa karibu ni Ta Laurenti, upande wa chini, na moshi ulikuwa unatoka kwake wazi kabisa. Nilichukua kigae. Nikashuka mpaka kwenye mpaka wa vibanja vyetu. Kutoka pale nikasikia sauti za wanaume waliokuja kunywa rubisi, pombe yake ya ndizi. Mmoja wao wiki mbili nyuma alikuwa ameniita njiani, "Msomi, hebu tusomee kidogo Kizungu," na wenzake wakacheka, na mimi sikuweza kulala kwa ajili ya kitu kidogo kama hicho. Kufika jikoni kwa Ta Laurenti ilinipasa kupita katikati yao, na kigae mkononi, na kurudi tena.

Nilisimama pale kwa muda wa kusema Salamu Maria tatu. Kisha nikarudi.

Nikalifuta panga kwa majani. Nikalisugua kwa mchanga, likang'aa. Nikajiambia kwamba limekaa njiani toka asubuhi, jua limelipiga, ugonjwa gani unaoishi kwenye chuma. Nikakata mkungu. Nikakata majani kwenye migomba yote ya ule mstari wa nyuma ya jiko, tisa. Nakumbuka ni tisa kwa sababu nimekuwa nikiihesabu tangu siku hiyo, hata leo ambapo haipo.

Wiki iliyofuata Bibi alimwomba Ta Laurenti akate mikungu miwili ya ndizi za pombe upande ule ule, kama alivyokuwa akifanya kwa watu wengi kijijini. Alikuja na panga lake. Wewe ulikaa juu ya kinu ukimtazama na kumpigia soga.

Baada ya mwezi na zaidi, majani ya mstari wa nyuma ya jiko yakaanza kuwa ya njano na kuning'inia kama nguo zilizoloa. Bibi alipasua ndizi moja, akakuta ndani ina madoa ya kahawia. Alikaa chini pale pale. Bwana shamba wa kata akaja na watu wa kijiji, na kila mtu akasimama uani kwetu, na wewe ukasimama mbele, kama kawaida yako.

"Nani amekata humu ndani hivi karibuni?" bwana shamba akauliza.

Bibi akanitazama mimi. "Huyu alitoka Buhembe na panga. Koku, ulilichoma?"

"Nililichoma," nikasema.

Neno moja. Lilitoka kirahisi, kama ninavyojibu "nipo" darasani.

"Mwingine?"

Na wewe, ambaye hakuna aliyekuuliza, ukasema kwa sauti safi, "Ta Laurenti. Alikuja na panga lake, akakata mikungu miwili. Sikumwona akichoma."

Hukudanganya. Alikuwa amelichoma kwake kabla ya kuja, kama alivyosema baadaye, na wewe usingeweza kuliona hilo. Lakini watu waligeuka wote kutazama upande wa chini, na mtu mmoja akasema, "Huyo huyo. Anaingia kila kibanja na panga lake," na mwingine akakumbuka kwamba alikata pia kwa fulani. Ilikuwa kama moto kwenye nyasi za mbugani, kule rweya. Mimi nilisimama hatua tatu kutoka kwako. Nilikuwa na neno la kuuzima, na niliuacha uende.

Yaliyofuata unayajua, lakini umeyajua kutoka upande usio wa kweli. Tulikata migomba mia na kitu tukaizika. Mwaka mzima na nusu tulikula ugali asubuhi na jioni, na Bibi alipopata mgeni alijificha jikoni akisingizia moshi, kwa aibu ya kutokuwa na ndizi ya kumpa. Ta Laurenti hakuna aliyemwita tena kukata. Bila ndizi za watu hakuwa na rubisi, na watu waliokuwa wakikaa uani kwake wakahamia kwingine. Bibi aliacha kumsalimia. Wanapokutana njiani kila mmoja anatazama upande wake, watu wawili waliobatizwa siku moja.

Na Kemilembe, mjukuu wake, rafiki yako ambaye mlikuwa mnasuka pamoja vikapu vya majani, alikuja akakuambia pale kisimani, "Ulimi wako umemmaliza babu." Nilikuwa nyuma yenu na ndoo. Nililisikia. Nilikuona ukijaza maji yako polepole bila kumjibu.

Tangu hapo ulianza kunyamaza. Darasani hunyooshi mkono. Kwenda dukani unazunguka kwa juu ili usipite kwa Ta Laurenti. Wageni wanasema, "Asimwe amekuwa mpole, amefuata shangazi yake," na Bibi anafurahi, na mimi nimekuwa nikikaa pale nikisikia sifa hizo kama mtu aliyevaa nguo ya wizi. Mimi nimezaliwa hivi. Niliogopa watu tangu nikiwa mgongoni. Wewe hukuzaliwa hivyo.

Wiki iliyopita tulipokuwa tunapanga nguo zako uliniambia, bila kuinua uso, "Nafurahi naenda mbali. Huko hakuna anayejua nilichosema." Ukakunja sketi. Mimi nikakunja blauzi. Ndipo nilipojua kwamba lazima niandike barua hii.

Nirudi kwenye kamusi.

Maneno niliyoyakuta niliyapanga kwenye daftari, kila moja na mstari wake. Vulnerable, kamusi inasema, asili yake ni neno la kale la kidonda. Ni yule anayeweza kujeruhiwa. Nikafikiria migomba yetu. Mgomba ulikuwa umesimama salama mpaka mimi nilipoukata. Exposed ni kitu kilichofunuliwa, kama mizizi ya mbuni mvua ikishabeba udongo wake. Defenceless ni yule asiye na cha kujitetea nacho. Unguarded ni mahali palipoachwa bila mlinzi, na kumbe ni pia mtu anayesema lililo moyoni bila kujichunga, na hapo nilikuona wewe juu ya kinu, miguu inaning'inia. Yako mengine. Nilijaza karibu kurasa mbili.

Nilipoyasoma yote kwa pamoja niliona jambo ambalo halikunitoka. Yote yanamtazama anayeumizwa. Unaweza kushuka ukurasa mzima usikutane na yule aliyeacha mlango wazi akaenda zake. Fomu yako iko hivyo pia. Inaandika kwamba mtoto yuko hatarini mahali pale pale inapoandika kimo chake na uzito wake, kana kwamba ni umbo alilozaliwa nalo. Wewe hukuzaliwa nalo, Asimwe. Siku ile uani ulikuwa na miaka tisa na ulisema ulichokiona. Hiyo si hatari. Ingebaki kuwa maneno ya mtoto mkweli kama mtu mzima wako angesema neno lake moja. Na mtu mzima wako nilikuwa mimi, hata kama nilikuwa na miaka kumi na minne na soksi zinashuka.

Nimejiuliza sana kwa nini sikusema. Mwanzoni nilijiambia niliogopa kipigo, lakini Bibi hajawahi kunipiga. Halafu nilijiambia nilimhurumia Bibi. Hilo lilikuwa zuri zaidi, nilikaa nalo mwaka. Ukweli ni mdogo na hauna uzuri wowote. Kusema kwamba sikuchoma panga kungenilazimu kusema kwa nini, na sababu ni kwamba niliogopa kuchekwa na walevi. Ningechekwa tena, na kijiji kizima. Basi nikajilinda. Mimi ni hodari sana wa kujilinda. Najua njia za kupita, saa za kwenda kisimani, mahali pa kukaa darasani ili mwalimu asinione. Nimejilinda na kicheko cha dakika mbili, na nyuma yangu nikaacha wazi kibanja, na Ta Laurenti, na wewe.

Watu wanaosoma vitabu vingi tunadhani tukilielewa jambo tumelimaliza. Mimi nilishalielewa hili tangu mwaka jana, na bado nilipita nje ya nyumba ya Ta Laurenti kila siku nikiwa na uelewa wangu.

Sitaki kukuambia uwe mtu wazi au uwe mtu wa kujifunga. Huko unakokwenda kutakuwa na wasichana watakaokupenda na wengine watakaotafuta pa kukuchoma, na sijui utawatambuaje, mimi mwenyewe siwezi. Ninachojua ni kwamba siku moja moto wako utazimika. Itakuwa hesabu usiyoielewa, au pedi zimekwisha, au umevunja kitu cha watu. Na utaona moshi kwa jirani, na njiani watu wanaocheka. Nimeiona njia ile mara nyingi sana kichwani mwangu. Ina hatua kama hamsini. Nimehesabu.

Na ukijua jambo, liseme kama ulivyokuwa ukisema. Ulimi wako haukummaliza mtu.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuificha kwenye sanduku lako, chini ya shuka, uikute ukiwa umeshafika. Nikaisoma upya. Nikaona kwamba nimekuambia wewe, ambaye kesho hutakuwepo, na Ta Laurenti na Bibi, ambao nitabaki nao, sijawaambia. Hata kwenye kuungama nilikuwa nimechagua njia isiyo na watu.

Basi nikavaa viatu. Ilikuwa saa tisa na nusu. Nilimpita Bibi uani, akaniuliza naenda wapi, nikamwambia narudi sasa hivi.

Ta Laurenti alikuwa amekaa kwenye gogo akichonga mpini wa jembe. Nikapiga magoti kumwamkia. Aliitikia bila kuacha kuchonga.

"Msomi," akasema. "Leo umepotea njia?"

"Hapana, Ta. Nimekuja kwako."

"Kuna msiba?"

"Hapana. Mnyauko ule, wa mwaka ule. Ni mimi. Nilitoka na panga Buhembe, sikulichoma. Nikasema nililichoma."

Aliendelea kuchonga, mara tatu, nne. Kisha akasimamisha kisu.

"Kwa nini hukulichoma?"

"Moto ulikuwa umezimika kwetu."

"Kwangu ulikuwepo. Siku zile hapa moto haukuzimika."

"Niliuona moshi, Ta. Niliogopa wale waliokuwa wanakunywa."

Akanitazama usoni. Nilijilazimisha nisiangalie chini, na sikuweza, nikaangalia chini.

"Jumamosi ile, padri alipokuja kwenu siku iliyofuata?"

"Ndiyo."

"Walikuwa watatu," akasema. "Na mmoja alikuwa amelala."

Sikujua kama anacheka. Hakuwa anacheka. Aliweka mpini chini, akajipangusa magoti, akasema kwamba miaka yote minne amekuwa akilichoma panga lake kila asubuhi, kwa mazoea, na halina pa kwenda. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza habari za mvua. Nikamwambia naomba msamaha. Akasema, "Nimekusikia." Sikupata zaidi ya hilo, na sidhani nilistahili zaidi.

"Mama yako anajua?"

"Bado."

"Na yule mtoto? Aliyesema?"

"Nimemwandikia barua."

"Barua," akasema. "Analala nyumba moja na wewe."

Nilikuwa nimeshafika kwenye mpaka aliponiita tena. "Koku. Kemilembe amekuwa akiuliza mwenzake anaondoka lini. Mwambie."

Bibi alikuwa bado na ungo wake. Nilikaa chini mbele yake, siyo kwenye kigoda, nikamwambia yote kwa Kihaya, kwa sababu kwa Kiswahili ningejificha. Hakunikatiza. Nilipomaliza alitikisa ungo mara moja, akaondoa jiwe, akalitupa.

"Na kitubio," akasema. "Ulikuwa unakwenda kutubu nini?"

"Uvivu, mama."

"Uvivu."

Kisha akasema, "Miaka minne nampita Laurenti kama napita kisiki. Nimekwenda msibani kwa dada yake nikakaa nje. Nje, Koku. Mvua inaninyeshea." Akaokota jiwe jingine, akalitupa. "Na mtoto huyu mdogo umemwacha abebe."

Nikasema ndiyo.

Hakuniambia kwamba amenisamehe, na nakuandikia hivyo hivyo ili usidhani mambo yalikwisha vizuri. Aliniwekea ungo mapajani. Akaenda kunawa mikono na uso, akajifunga kitenge kile cha kanisani, akashuka kuelekea upande wa chini bila kunitazama. Mguu wake ule mbaya ulikuwa unamsumbua, na sikuthubutu kwenda kumshika mkono.

Barua hii siiweki tena sandukuni. Mkirudi nitakupa mkononi, nami nitakaa mbele yako ukisoma. Ukitaka kunikasirikia, unikasirikie hapa, nikiwa mbele yako. Chochote utakachoniuliza nitakijibu.

Ni saa kumi na moja sasa. Bibi hajarudi. Nasikia sauti zao mbili kutoka kule chini, yake iko juu kuliko ya Ta Laurenti, na maneno siyasikii. Nimemaliza kuchambua maharage, nimeyabandika. Kisha nimechukua kisu na kuanza kumenya ndizi. Sisi tuko wanne. Nimemenya za watu sita, nikafunika chungu, nikakaa mlangoni kuwasubiri.

Shangazi yako,
Koku